Miiba Kumi na Tisa

Kutoka Toroma hadi hapa Magoro
mgunga haudondoshi majani tu.
Kiangazi kikishika, njia nzima ni sindano,
na mimi, Ekwaru wa pampu na beseni,
kiangazi ndicho kinachonilisha.

Pancha moja, shilingi elfu.
Naukunjua mpira wa ndani kama utumbo wa mbuzi,
nauzamisha, naukamua taratibu
mpaka kiputo kimoja kiseme: hapa.
Msasa, gundi, kiraka, ngumi mbili.
Anayefuata.

Asekenye wa chanjo alikuwa wa kila Jumanne.
Alikuja akiikokota baiskeli, rimu ikigonga mawe,
kisanduku cha barafu kimefungwa nyuma kwa ukanda wa mpira,
na salamu yake haikuwa salamu:
"Ekwaru, barafu inayeyuka."
Nami nikafanya haraka.
Hapana, niseme kweli. Ilikuwa haraka ya mikono tu.
Kiputo nilikiona mara ya kwanza,
nikauzungusha tena mpira majini
ili niendelee kusikia habari za yule mtoto wa Usuk
aliyemng'ata nesi kidole.

Jumanne moja ya mwezi wa pili, barafu ikawa maji.
Akina mama wa Kapujan walirudi nyumbani
na watoto migongoni, mikono haijaguswa.
Hakunilaumu.
Alimwaga maji, akafuta kisanduku kwa ncha ya kitenge,
na kisa alichokianza hakukimaliza.

Nikapanda lori la mihogo mpaka Soroti.
Dukani kwa Imalingat nikanunua chupa:
uji wa kijani, mzito kama mlenda,
una nyuzinyuzi ndani kama manyoya ya kifaranga.
Elfu kumi na nane. Pancha kumi na nane.
Nilizihesabu nikizitoa.

Nikang'oa valvu, nikamimina kwa mrija wa karatasi,
kikombe cha kahawa kwa kila gurudumu,
nikajaza upepo, nikazungusha
ule uji utambae, upake ukuta wote wa ndani.
Kisha nikachukua mwiba mrefu kama kidole
nikauchoma tairini mbele ya macho yake.
Akapiga yowe.
Nikauchomoa. Fsss,
mzunguko mmoja, miwili, tone la kijani,
basi. Tairi gumu kama goti.

"Umeichanja," akasema.
Nikacheka. Naye, akiwa anafunga kisanduku:
"Ila kazi hizi zetu, Ekwaru, ukizifanya vizuri
hawarudi."

Sikumwelewa mpaka Jumanne ya tatu:
kengele, mkono hewani, vumbi,
na mgongo wake ukielekea Kapujan.
Kwenye benchi tukabaki mimi na kuku.

Vijana wa mkaa wakapata habari, wakaja na chupa zao.
Siku hizi beseni langu wananywea bata.

Juzi amekuja. Breki, si pancha.
Nikaipindua baiskeli miguu juu, nikalikagua tairi:
miiba kumi na tisa imevunjikia humo,
kila mmoja na doa lake la kijani lililokauka,
kama kovu la chanjo begani.
Kumi na tisa.
Jumanne kumi na tisa hizo, kama nisingekuwa mjinga,
au kama nisingekuwa muungwana, sijui.
Nilichukua koleo, nikalirudisha.
Ulioingia umekwisha kuzibwa, wa nini kuusumbua?

Breki ni kazi ya dakika tano.
Nikaifanya kwa tano.
Kisha nikamwuliza, nikifuta mikono kwa tambara,
yule mtoto wa Usuk, yule wa kidole,
iliishaje?

Akatazama kisanduku, akatazama jua lilipofika,
akaketi.